Mtumbwi Usikuvunje Mgongo



Katika vijiji vya pwani ya Tanga, kuanzia Moa na Kwale mpaka Tongoni, Kigombe, Ushongo na Kipumbwi, watu wengi hupata kitoweo na fedha kwa uvuvi. Mvuvi anahitaji mtumbwi au ngalawa. Anahitaji pia mwili wenye nguvu. Lakini si kila mvuvi ana mwili wenye nguvu. Mmoja mguu wake umepooza tangu utotoni. Mwingine ana matende. Mwingine anaumwa kiuno. Mwingine hana mkono mmoja. Na wazee wengi bado wanavua, ingawa magoti yao yamechoka.

Watu hawa wakiwa baharini wanaweza kuvua vizuri. Ndani ya mtumbwi mtu hukaa. Hahitaji miguu ya kukimbia. Taabu yao iko nchi kavu. Ni kuushusha mtumbwi majini, na kuupandisha tena wanaporudi. Hapo ndipo wengi huumia. Wengine huacha kazi kabisa, na nyumba nzima hukosa kitoweo.

Leo tutajifunza namna ya kuutayarisha na kuusafirisha mtumbwi bila kuumiza mwili. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: usishindane na uzito. Ugawe uzito, kisha acha maji, magogo na kamba vikufanyie kazi.

KWA NINI MWILI HUUMIA

Mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mwembe unaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Hilo ni gunia zima la mahindi. Huo si mzigo wa mtu mmoja kuunyanyua, hata kama ni kijana mzima.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili nyingi. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini mfano wa mto mdogo. Mtu akiinama na kuvuta mzigo mzito huku amejipinda, mito hiyo hubanwa vibaya. Maumivu huanza kiunoni, na mara nyingine hushuka mpaka mguuni.

Hatari ya pili ni ngiri. Mtu akijikaza sana, nyama za tumbo zilizo dhaifu huachia, na utumbo hujipenyeza. Uvimbe hutokea kinenani au kwenye mfuko wa korodani. Mwenye ngiri akiendelea kunyanyua vitu vizito, ngiri huzidi.

KWANZA: PUNGUZA UZITO

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndoo moja ya lita 20 ina kilo 20. Basi kama ndani ya mtumbwi wako kuna maji ya ndoo mbili, unavuta kilo 40 za bure. Fua maji yote kabla ya kuuvuta mtumbwi. Toa na mchanga.

Kisha toa kila kitu kinachotoka. Toa samaki, nyavu, nanga, kafi, tanga na mlingoti. Nyavu zilizolowa ni nzito sana. Vibebe vitu hivi kimoja kimoja, au mpe mtoto akusaidie vile vyepesi. Ni afadhali kwenda mara sita na mizigo midogo kuliko kwenda mara moja na mzigo wa kukuvunja.

Unapokwenda kuvua, fanya hivyo hivyo kwa kinyume. Usiufunge mlingoti na tanga huko juu kwenye minazi. Ushushe mtumbwi ukiwa mtupu. Ukishafika kwenye maji ya magotini na ukaanza kuelea, tia nanga ili usiondoke. Ndipo upakie vyombo. Hapo maji ndiyo yanayobeba uzito, si mgongo wako.

Watu wa nchi nyingine nao wamelitafakari jambo hili. Huko Greenland, nchi ya barafu, wenyeji tangu zamani waliunda chombo chembamba kiitwacho kayaki. Walikiunda kwa miti na mifupa, wakakivika ngozi ya mnyama wa baharini aitwaye sili. Mtu mmoja aliweza kukibeba. Siku hizi kayaki za kuvulia hutengenezwa kwa plastiki, na nyingi zina uzito wa kilo 30 hadi 50. Huko Marekani na Ulaya wako wavuvi wenye ulemavu wanaozipeleka majini kwa kuziweka juu ya magurudumu mawili. Sisi hatuna haja ya kununua kayaki. Tunachoweza kuchukua ni fikra yake: chombo kidogo, vyombo vichache, na njia rahisi ya kufika majini. Siku utakapochonga mtumbwi mpya, mwambie fundi akuchongee mfupi na mwembamba wa mbao, kwa kadiri ya nguvu zako. Lakini asiupunguze upana mno, maana mtumbwi mwembamba hupinduka upesi.

PILI: FUATA MAJI

Wewe mkazi wa pwani unajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu kuna bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa nusu mwezi kuna maji mafu. Maji hujaa kidogo na kupwa kidogo.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa kwenye saa 4.

Mwenye nguvu anaweza kuondoka saa yoyote. Wewe mwenye mwili dhaifu panga safari yako kwa maji. Ondoka maji yakiwa karibu, na rudi maji yakiwa karibu. Ukirudi saa 4 asubuhi siku ya bamvua, utakuta maji yamekimbia mbali. Mbele yako kuna tope na mawe, na mtumbwi una safari ndefu ya kuvutwa. Usianze kuvuta. Tia nanga, mpe mtu samaki awapeleke sokoni, nawe subiri. Maji yatakapojaa yataufikisha mtumbwi wako ufukweni bila malipo.

Mahali penye mkono wa bahari au mto uliotulia, kama kule Pangani, afadhali usiupandishe mtumbwi kila siku. Uache ukielea, umefungwa kwa nanga na kamba imara mahali pasipo mawimbi. Acha kamba ndefu ya kutosha, ili maji yakijaa mtumbwi usizame, na yakipwa usining'inie.

TATU: TUMIA MAGOGO

Kama huna budi kuuvuta mtumbwi, usiuburute mchangani. Tafuta magogo matano ya mviringo. Yawe laini na yalingane unene. Urefu wa kila gogo uzidi upana wa mtumbwi.

Fanya hivi:

1. Panga magogo mstari mmoja mbele ya mtumbwi, kama ngazi iliyolala.

2. Kama mchanga ni laini, tandika kwanza mbao mbili ndefu, ndipo uweke magogo juu yake. Bila mbao, magogo yatazama mchangani.

3. Inua mbele ya mtumbwi kwa mti, si kwa mikono. Chukua mti mrefu na mgumu. Ingiza ncha yake chini ya mtumbwi. Chini ya mti, karibu na mtumbwi, weka jiwe au kipande cha gogo. Kisha kandamiza ncha ya pili. Mti unaotumiwa hivyo huitwa wenzo. Kadiri unavyoshika mbali na jiwe, ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi.

4. Mwenzako asukume gogo la kwanza chini ya mtumbwi. Alisukume kwa kijiti. Asiingize vidole wala mguu chini ya mtumbwi.

5. Sukumeni polepole. Gogo likitokea nyuma, mtu alichukue na kulirudisha mbele.

6. Kwenye mteremko, mtu mmoja ashike kamba ya nyuma ili mtumbwi usikimbie. Mkitaka kupumzika, wekeni kigingi au jiwe chini yake. Watoto wakae mbali.

NNE: TUMIA KAPI NA KAMBA

Mabaharia wa majahazi wanakijua kifaa kiitwacho kapi. Ni gurudumu dogo lenye mfereji, na kamba hupita humo. Kapi humsaidia sana mtu mwenye miguu dhaifu, kwa sababu anaweza kuvuta akiwa amekaa.

Zungushia mtumbwi kamba imara, na hapo mbele ufunge kapi. Chukua kamba nyingine ndefu. Funga ncha yake moja kwenye mti imara ulio juu ya ufuko. Pitisha kamba ndani ya kapi, kisha irudishe upande wa mti. Kaa karibu na mti, kanyaga kigingi kwa mguu wenye nguvu, uvute. Sasa nguvu inayotakiwa ni kama nusu tu ya ile ya kwanza. Malipo yake ni kwamba kamba inakuwa ndefu mara mbili. Ili mtumbwi usogee hatua 5, utavuta kamba hatua 10. Si hasara hiyo. Mwili wako umepona.

Lakini angalia: kapi lililofungwa kwenye mti peke yake halipunguzi uzito. Linageuza tu upande wa kuvutia. Kapi la kupunguza uzito ni lile linalotembea pamoja na mtumbwi.

Mtu mwenye mkono mmoja asimamishe nguzo fupi pembeni, aizungushie kamba mara moja au mbili. Nguzo itashika kamba anapopumzika. Usiizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Kamba chakavu usiitumie, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kamba iliyokazwa. Ikikatika, hupiga kama fimbo.

TANO: TUMIA MAGURUDUMU

Kama nyumba iko mbali na bahari, fundi wa mkokoteni anaweza kukuundia kigari cha magurudumu mawili. Weka kigari chini ya katikati ya mtumbwi, mahali ambapo mbele na nyuma vinalingana uzito. Ukikiweka nyuma sana, uzito wote utauangukia mkono wako. Funga mtumbwi kwa mpira au kamba usiteleze.

Magurudumu membamba ya baiskeli hufaa kwenye njia ngumu, lakini huzama kwenye mchanga mkavu. Kwenye mchanga tumia magurudumu mapana, na punguza upepo kidogo. Pita kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, kwani ni mgumu zaidi. Ukimaliza, osha vyuma kwa maji ya kisima na upake mafuta. Chumvi hula chuma.

Ukiupakia mtumbwi kwenye gari, ufunge mbele, katikati na nyuma. Kama umetokeza nje, funga kitambaa chekundu mwishoni ili wenye magari wauone.

KUUTAYARISHA MTUMBWI NDANI

Mtumbwi wa mtu mwenye udhaifu wa viungo lazima utulie. Ngalawa yenye matengo pande zote mbili hutulia kuliko mtumbwi mtupu. Kaa chini, katikati. Tengeneza ubao wa kukalia ulio chini, na ubao wa kuegemea mgongo kama kiuno kinakusumbua. Mguu uliopooza uweke juu ya gunia kavu, usigongwe na mbao.

Panga vyombo vyote mahali mkono unapofika bila kusimama: kafi, kopo la kufulia maji, kisu, maji ya kunywa na kamba ya nanga. Funga kafi kwa kamba fupi kwenye mtumbwi, isichukuliwe na maji. Chukua na kafi ya pili. Lakini wewe mwenyewe usijifunge kwenye mtumbwi. Ukipinduka utashindwa kujiokoa.

Mshipi wa kuvulia usiuzungushe vidoleni. Samaki mkubwa akivuta, hukata. Mwenye mkono mmoja afunge kigingi kwenye ubavu wa mtumbwi, azungushie mshipi hapo. Na kila mvuvi avae jaketi la kuokolea, hasa yule ambaye miguu yake haiwezi kuogelea. Mtumbwi ukipinduka, ushikilie. Usiuache ukajaribu kuogelea mpaka pwani.

UIJUE HALI YA MWILI WAKO

Mwenye maumivu ya kiuno: asinyanyue. Akilazimika kunyanyua kitu kidogo, achuchumae, mgongo uwe umenyooka, kitu kiwe karibu na kifua, asimame kwa nguvu za mapaja. Asijipinde. Maumivu yakifuatana na ganzi kati ya mapaja, udhaifu wa miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye ngiri: asivute mtumbwi kabisa mpaka atibiwe. Ngiri hutibiwa kwa upasuaji. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma sana, usirudi ndani, na mtu akatapika, hiyo ni hatari ya kifo. Apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Mwenye busha: naye hutibiwa kwa upasuaji. Baada ya upasuaji asirudi kwenye kazi nzito mpaka daktari amruhusu.

Mwenye matende: matende na mabusha mengi ya pwani huletwa na vinyoo vidogo vinavyoenezwa na mbu. Nchini Tanzania ugawaji wa dawa za kuzuia ugonjwa huu ulianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na baadaye ukafika Tanga. Dawa hizo huua vinyoo vichanga visienee. Haziwezi kuurudisha mguu uliokwisha vimba sana. Mguu huo unahitaji kutunzwa. Uoshe kila siku kwa sabuni na maji safi, hasa ukitoka baharini. Kausha vizuri katikati ya vidole. Unapopumzika uinue juu ya mto. Vaa viatu unapokanyaga majini, kwa sababu jeraha dogo la jiwe au chaza huweza kuleta homa na uvimbe zaidi.

Mwenye mguu uliopooza au mguu uliokatwa: amwombe daktari amwelekeze kwa mtaalamu wa viungo. Wako mafundi wanaotengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kusaidia mguu. Chuo cha mafundi hao kiko hospitali ya KCMC, Moshi, na kilianza mwaka 1981. Magongo ya kutembelea yakizama mchangani, yafungie vibao vipana chini.

Wapo pia waliopoteza mikono kwa kuvua kwa baruti. Uvuvi huo ulipigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1970. Huua mazalia ya samaki, na humlemaza mvuvi. Usiukaribie.

SIKU YA KUTOKWENDA BAHARINI

Mvuvi hodari anajua pia siku ya kubaki nyumbani. Usiende peke yako kama una udhaifu wa viungo. Mwenye kifafa asiende peke yake hata siku moja, na asiende kama ugonjwa wake haujatulizwa kwa dawa. Usiende wakati kusi kinavuma kwa nguvu na mawimbi yanavunjika ufukoni, kwa sababu mawimbi hayo hupindua mtumbwi wakati wa kushuka na wakati wa kupanda. Kila unapokwenda, mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi maji gani.

TUSAIDIANE

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuomba watu wakusaidie kuvuta mtumbwi si aibu. Desturi yetu ya pwani ni kwamba anayesaidia kuvuta hupata kitoweo. Mkivuta pamoja, mtu mmoja tu ahesabu, ili wote msukume kwa mara moja.

Kikundi cha wavuvi kinaweza kununua kapi moja, kamba na kigari kimoja vya kutumiwa na wote. Watu wenye ulemavu waulize pia ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yao. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Kati ya hizo, asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ni ya vijana, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

KUMBUKA

Fua maji na toa vyombo kabla ya kuvuta.
Ondoka na rudi kwa kufuata maji.
Viringisha, usiburute.
Vuta kwa kapi, nyanyua kwa wenzo.
Kaa chini na katikati. Vaa jaketi.
Ukiumia, nenda kituo cha afya mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KUNDI

1. Katika kijiji chetu ni nani aliyeacha kuvua kwa sababu ya mguu, mkono au mgongo? Tunaweza kumsaidiaje arudi kazini?

2. Wiki ijayo maji yatajaa saa ngapi? Ni siku zipi zinamfaa mvuvi mwenye mwili dhaifu?

3. Kwenye bandari yetu ndogo, kapi na nguzo vinaweza kuwekwa wapi ili wote watumie?